Barua ya Rufaa Isiwatenganishe



Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo katika nyumba nyingi hunong'onwa tu, tena usiku. Mama amekwenda zahanati kwa shughuli ya kawaida, pengine kumpeleka mtoto kudungwa sindano. Muuguzi anamwambia, "Mama, na wewe upimwe mlango wa kizazi leo, haichukui muda." Mama anakubali, maana haumwi po pote. Akisha kupimwa anapewa barua aende hospitali ya rufaa akaangaliwe zaidi. Asubuhi alitoka nyumbani akiwa mzima. Mchana anarudi akijiona yumo jenezani. Barua anaificha kwenye sanduku la nguo. Mumewe anaona ugali umeungua, anauliza kuna nini, anajibiwa, "Hakuna kitu." Tangu saa hiyo nyumba ina watu wawili, na kila mmoja yuko peke yake.

Mimi ni katekista, si daktari. Lakini barua hiyo ni jambo la hospitali na pia ni jambo la sakramenti ya ndoa. Tulitazame pande zote mbili.

Barua inasema nini?

Kwanza tuelewe kupimwa huku ni kwa ajili gani. Hasa hutafutwa mabadiliko madogo kwenye mlango wa kizazi ambayo, yakiachwa, huenda siku moja yakawa saratani. Ndiyo sababu hupimwa wanawake wasioumwa. Wizara ya Afya ya Kenya inawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Mahali pengine muuguzi hupaka siki hafifu na kutazama kama pana sehemu inayogeuka kuwa nyeupe. Mahali pengine huchukuliwa ute kidogo ili seli zitazamwe kwa darubini. Hicho ndicho kipimo cha Pap, kilichopewa jina la daktari George Papanicolaou. Tena kiko kipimo cha kutafuta virusi viitwavyo HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mahali hapo.

Sasa, mama akiandikiwa barua, sababu zaweza kuwa nyingi. Pengine ute uliochukuliwa haukutosha. Pengine kuna maambukizo ya kawaida yaliyofanya pasionekane vizuri. Pengine virusi vimeonekana. Pengine seli zimeanza kubadilika. Na ni kweli, mara nyingine muuguzi ameona kitu kinachomtaka daktari aharakishe. Sababu hizi zote huweza kuleta barua ya rufaa. Kwa hiyo barua hiyo ni swali, jibu bado. Wazee walisema, usiandikie mate na wino ungalipo. Wino uko hospitalini. Muulize muuguzi, "Mmeona nini, na niende lini?" Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.

Huko hospitalini daktari hutazama mlango wa kizazi kwa chombo chenye lenzi ya kukuza. Akiona haja, huchukua kinyama kidogo kipelekwe maabara. Mabadiliko yakipatikana kabla hayajawa saratani, huondolewa kwa baridi kali, au kwa joto, au kwa waya wa umeme, na mara nyingi mama hurudi kwake siku ile ile.

Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyepata matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Maana yake ni kwamba wiki chache za kungoja siku uliyopangiwa hazikupaswi kukutia kiwewe, lakini miaka ya kuikwepa hospitali ni hatari. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa katika Kenya wanawake zaidi ya 5,200 walipatikana na saratani hii mwaka huo, na zaidi ya 3,200 walikufa kwayo. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Mama mwenye barua mkononi ameitwa mapema. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Hofu si dhambi

Katika jumuiya zetu wapo wanaosema kwamba anayeogopa hana imani. Ndugu zangu, tusiwatwike watu mzigo ambao Bwana hakuwatwika. Yeye mwenyewe katika bustani ya Gethsemane alihuzunika na kufadhaika. Alimwomba Baba amwondolee kikombe kile, akarudia sala ile ile mara ya pili na ya tatu. Hakuona aibu kuogopa. Basi mama anayeamka usiku moyo ukimdunda, anayekosa hamu ya chakula, anayesahau chumvi kwenye mboga, hajamkosea Mungu. Ni mwili wa binadamu unaofanya kazi yake.

Lakini hofu ina hila mbili, na yafaa tuzijue. Hila ya kwanza ni kukimbia. Mama anaweka barua sandukuni, anasema atakwenda baada ya mavuno, baada ya watoto kufunga shule, baada ya Pasaka. Hila ya pili ni kuchokonoa. Huyu anashinda akijibonyeza tumbo, anauliza kila jirani, na usiku wa manane amefunika simu kwa blanketi akisoma habari za watu waliokufa. Kila maumivu ya mgongo, ambayo jana yalikuwa ya jembe, leo yamekuwa ya saratani. Hawa wawili wanaonekana tofauti, lakini wote wameiacha hofu iwe mwenye nyumba.

Dawa ya hila ya kwanza ni tarehe. Andikeni siku ya kwenda hospitali kwenye kalenda ya ukutani, baba na mama mkiona. Dawa ya hila ya pili ni mpaka. Tengeni nusu saa jioni, watoto wakisha kulala, ya kuzungumza jambo hilo. Mama aseme yote yanayomtisha, na maswali yaandikwe kwenye karatasi ya kupeleka kwa daktari. Nusu saa ikiisha, salini, mfunge mazungumzo. Hofu ikirudi saa nne asubuhi mama akiwa sokoni, aiambie, "Wewe una saa yako jioni." Si uchawi, na haitaondoka mara moja, lakini itaanza kujua mipaka. Na ikiwa usingizi umepotea kwa wiki mbili na zaidi, au kazi zimemshinda, amwambie muuguzi au mshauri. Hilo nalo hutibiwa.

Swali linalochoma nyumba

Sasa nitasema wazi, maana hapa ndipo ndoa nyingi hujeruhiwa. Ikisikika kwamba virusi hivi huambukizwa kwa njia ya ndoa, swali la kwanza huwa, "Nani ameleta?" Baba anamtazama mama. Mama anamtazama baba. Ugonjwa wenyewe haujajulikana, na kesi imekwisha anza.

Wapendwa, virusi vya HPV ni vya kawaida sana. Watu wengi walio katika ndoa, au waliowahi kuwa na mwenzi, huvipata wakati fulani katika maisha yao, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mtu asijue kamwe. Lakini pia vinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi, tangu kabla ya kufunga ndoa, kisha vikaonekana leo. Hakuna kipimo kinachoweza kusema viliingia siku gani wala vilitoka kwa nani. Kwa hiyo majibu ya HPV si ushahidi wa uzinzi. Atakayemfukuza mke wake kwa sababu ya majibu hayo, au atakayemtukana mume wake, anahukumu bila shahidi.

Na kama yuko mmoja ambaye dhamiri yake inamsuta kweli? Huyo ana Sakramenti ya Kitubio, na ana padre wa kumshauri jinsi ya kusema ukweli nyumbani. Aende huko. Asijifiche nyuma ya ugonjwa wa mwenzake.

Baba, usilale

Rudini Gethsemane kidogo. Bwana aliwachukua watatu, akawaomba jambo dogo tu: wakae macho pamoja naye. Hakuwaomba waondoe kikombe. Hakuwaomba hotuba. Nao wakalala. Injili ya Luka yasema walilala kwa huzuni. Hebu fikirini! Hawakulala kwa kutompenda.

Waume wengi tunalala namna hiyo. Mke anasema, "Baba watoto, nimeitwa hospitali," nasi kwa hofu yetu tunamjibu, "Acha mawazo, utapona," kisha tunatoka kwenda kwa wenzetu. Hatumchukii. Tunaogopa, ila mwanamume alifundishwa kuifunika hofu kwa ukimya au kwa ukali. Ndugu yangu, sema tu, "Mama watoto, hata mimi naogopa. Tutakwenda pamoja." Maneno hayo machache ni kukesha.

Kisha kesha kwa vitendo. Tafuta nauli mapema, ulizeni gharama kabla ya siku yenyewe na kama malipo yenu ya SHA yako sawa, ili mama asiongezewe hofu ya deni. Omba ruhusa kazini uende naye. Ukizuiwa kuingia chumba cha daktari, ngoja kwenye benchi. Benchi hilo ni mahali pa sala kama kanisa. Siku hiyo maji yachotwe na watoto walishwe bila yeye kuuliza. Na mama yako mzazi akiuliza mbona mkeo anakwenda hospitali kila mara, jibu wewe, tena kwa heshima, usimwachie mkeo jibu hilo. Habari za mwili wake ni zake kutoa. Chagueni mtu mmoja au wawili wa kuaminika, inatosha.

Daktari akimtibu mama, huenda akawaambia msikutane kimwili kwa muda wa wiki 4 hivi ili kidonda kipone. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wanandoa huweza kunyimana kwa kupatana, kwa muda, ili wawe na nafasi ya kusali. Basi huo uwe muda wenu wa sala, wala usiwe kisingizio cha kutoka nje. Mume anayengoja kwa upole anasema "nakupenda" bila kufungua mdomo.

Imani pamoja na daktari

Msimpe Mungu masharti: "Ukinipa majibu mazuri nitafanya hivi." Yeye si mfanyabiashara wa sokoni. Tena msiache hospitali kwa ajili ya mafuta yanayouzwa kwenye mikutano au mizizi ya mtu asiyejua mnaumwa nini. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa ni Mungu aliyemuumba, na kusali tukiwa wagonjwa. Yote mawili yamo katika sura moja. Yule mama wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa na ugonjwa wa siri, wa kike, wa aibu mbele ya watu. Bwana hakumkemea kwa kumgusa. Alimwita binti.

Na majibu yakiwa mazito? Sitawadanganya kwamba hayawezi kuwa. Lakini saratani iliyogunduliwa mapema ina nafasi nzuri ya kutibiwa, kwa upasuaji, kwa mionzi na kwa dawa. Hapo mwiteni padre mapema. Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Papa Paulo VI alipotoa utaratibu wake mpya mwaka 1972 alionyesha kwamba ni kwa Mkristo anayeugua sana, apate nguvu ya roho na, Mungu akipenda, ya mwili. Siku ile mlipoahidiana kupendana wazima na wagonjwa, hakuna aliyejua nani angeugua kwanza. Ahadi haikungoja majibu ya maabara.

Na kama majibu ni mema, mshukuruni Mungu, kisha mrudi tena kupimwa kwa tarehe mtakayopewa. Mwenye binti wa miaka 10 aulize kliniki habari za chanjo ya HPV, ambayo Serikali ya Kenya ilianza kuitoa kwa wasichana mwezi wa Oktoba 2019.

Leo jioni, kama kuna barua iliyofichwa nyumbani kwenu, itoeni. Iwekeni mezani kati yenu, mshikane mikono, mseme hivi kwa maneno yenu au kwa haya:

Ee Bwana, uliyeogopa bustanini, wajua kinachotutisha. Mpe mwenzangu usingizi usiku huu. Nipe mimi macho ya kukesha naye. Waongoze waganga na wauguzi watakaomshika. Lo lote litakaloandikwa, tusomee pamoja. Amina.