Majani Kabla ya Mvua



Mwezi wa Septemba, mwenye kutelemka kando ya mto Lualaba, upande wa Nzilo, anaona jambo la ajabu. Maji yamepunguka, mawe yametokea. Nyasi zimeungua kwa moto wa kiangazi, na vumbi la malori limefunika kila kitu. Ni miezi sasa mvua haijanyesha. Hata hivyo miombo imekwisha kutoa majani mapya, mekundu, rangi ya shaba iliyosuguliwa. Mgeni atafikiri mti unakauka. Ndani ya majivu nyasi mbichi zinachomoza. Miembe imefunga matunda madogo. Na juu hakuna wingu.

Miombo imepata wapi maji? Katika mizizi iliyo chini sana, na katika akiba iliyomo ndani ya shina. Haingojei mvua inyeshe ndipo iamini kwamba itanyesha.

Wimbo Ulio Bora 2:11-13 unaeleza majira ya nchi ya Israeli: kwanza mvua imekwisha kupita, ndipo maua yanaonekana. Kwetu Mungu amepanga kinyume: jani linatangulia, mvua inafuata, Oktoba au Novemba. Basi, katika Mathayo 24:32, Yesu anapowaambia wanafunzi wajifunze kwa mtini, sisi wa Katanga tuna mti wetu wa kujifunzia, na kwa maoni yetu somo lake ni gumu zaidi.

Tazameni Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku kwetu Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Miaka 30 gerezani! Alifariki tarehe 12 Oktoba 1951, siku ambazo watu wa huku wanatazama mawingu. Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959, na nchi ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mvua ile hakuiona kwa macho ya mwili. Lakini nani atasema jani halikuwapo?

Tunaandika haya kwa sababu vijana wetu wengi wamechoka kungoja. Wanashinda ndani ya mashimo ya kobalti hata siku ya ibada, na wanasema: Mungu atusaidie kwanza, ndipo tutarudi kusali. Hatuwacheki, njaa tunaijua. Ila kijana anayesema hivyo anataka majira ya nchi nyingine.

Wengine wanakata miombo kwa ajili ya makala. Kuna mahali karibu na mji wetu unaweza kutembea Septemba nzima usione jani jekundu hata moja. Mtoto anayekua pale atasomea mti gani? Lakini someni Ayubu 14:7-9, habari ya mti uliokatwa. Kisiki cha muombo kinachipuka chenyewe, kama moto haukukila. Ndugu wenye tanuru za makala, msing'oe visiki. Fyekeni nyasi kuvizunguka mapema, kabla watu hawajachoma pori.

Na katika maombi ya tarehe 12 Oktoba, kila mama aliye na mtoto mashimoni alete jina lake, lisomwe mbele ya wote.