Siku Thelathini na Tisa za Mwizi

Tunasema siku za mwizi ni arobaini, na tunasema hivyo kumtisha mwizi. Lakini hebu itazame methali hii ukiwa upande wake. Asubuhi ya siku ya arobaini, huyu jamaa ana ushahidi mzito kuliko siku nyingine yoyote: ameiba siku thelathini na tisa mfululizo na hajashikwa. Muulize kama kazi yake ni salama. Atakuambia ndiyo, tena ana rekodi ya kukuonyesha. Sasa swali: kutodhurika ni ushahidi?

Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze kusoma habari za Wamarekani wanaojitengenezea risasi. Mimi sina bunduki na wala sitafuti. Kilichonivuta ni namna wanavyopima.

Iko hivi. Risasi ya dukani ina vipimo vinavyojulikana. Marekani kuna taasisi inaitwa SAAMI, iliyoanzishwa 1926, ambayo huweka kiwango cha juu cha presha kwa kila aina ya risasi. Lakini kuna watu hawatosheki na za dukani. Mtu anachukua ganda la risasi ya kawaida, analibana shingo lishike kichwa chembamba zaidi, au anabadilisha mabega yake lipate nafasi ya baruti zaidi. Kisha fundi anamchongea bunduki inayolingana na ganda hilo. Anachotafuta ni kasi. Risasi ya namna hii, ambayo hakuna kiwanda kinachoitambua, wenyewe huiita paka-mwitu.

Usiwaone wendawazimu. Risasi maarufu ya .22-250 ilizaliwa hivyo hivyo: ganda la .250 Savage, la mwaka 1915, lililobanwa shingo na mafundi na watu binafsi. Walihangaika nayo miaka mingi kabla kampuni ya Remington kuiingiza rasmi kiwandani mwaka 1965. Leo kiwango chake cha juu ni paundi 65,000 kwa kila inchi mraba. Tairi la gari dogo huwa na kama 30. Na presha hiyo yote inatokea karibu kabisa na uso wa anayefyatua.

Paka-mwitu mpya hana jedwali la kukuambia ukomo uko wapi. Mwenye bunduki anaanza chini, anaongeza baruti kidogo kidogo, anapiga, kisha anasoma dalili. Fataki iliyo nyuma ya ganda imekuwa bapa? Komeo limekuwa gumu kufunguka? Kipima-mwendo kinasemaje? Noma ni kwamba dalili hizi hazikungoji upande wa huku wa mpaka. Komeo likianza kugoma, mara nyingi ushavuka. Ni kama kujua mbwa ni mkali kwa kuhesabu alama za meno mguuni.

Tuseme amepiga tatu, zote poa. Hapo wengi hutabasamu. Lakini piga hesabu: hata kama risasi moja katika kila saba ingekuwa mbaya, uwezekano wa kupiga tatu nzuri mfululizo bado ni kama asilimia 63. Haya, apige ishirini. Bado kuna karibu asilimia 5 kwamba zote zitapita bila kelele, na ile mbaya iko palepale inasubiri. Na hapo tumedhani risasi ya ishirini na moja itapigwa katika hali ileile. Kumbe baruti nyingi hupandisha presha joto linapopanda. Kilichopita vizuri asubuhi ya baridi kinaweza kukugeuka mchana wa jua kali. David Hume alihangaika na jambo hili huko karne ya 18: nini kinatupa haki ya kudhani kesho itafanana na jana? Chuoni, kabla sijaacha masomo, niliona kama ni swali la watu wasio na kazi. Kwa mtu aliyeweka shavu kwenye bunduki, ni swali la macho yake mawili.

Kuna njia nyingine ya kupima. Fundi P. O. Ackley, mmoja wa wakubwa wa paka-mwitu Marekani, baada ya Vita vya Pili alichukua bunduki za kijeshi za aina mbalimbali na kuzijaza kupita kiasi, makusudi, akiongeza mpaka zishindwe. Arisaka ya Kijapani, ambayo wengi waliidharau, ikawashangaza kwa uimara wake. Ona tofauti. Anayepiga tatu na kutabasamu anatafuta ruhusa ya kuendelea. Ackley alikuwa akitafuta mahali kitu kinapovunjika. Wote wawili wanasema wanapima, lakini ni mmoja tu aliyeuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa baya.

Najua utaniambia: bunduki ni yake, macho ni yake, muache. Nakubali nusu. Mtu mzima ana haki ya kujihatarisha, na bila watu wa aina hiyo .22-250 isingekuwepo. Lakini kwenye uwanja wa kulenga shabaha kuna mtu meza ya pili. Chuma kikipasuka hakiulizi nani aliridhia. Halafu kuna rafiki anayeomba kipimo. "Kwangu iko sawa," anaambiwa. Ni kweli, kwake. Lakini bunduki ya rafiki ina chumba kilichochongwa na mkono mwingine, maganda yake yana unene mwingine. Alichopewa ni imani ya mtu iliyovaa nguo za namba.

Hapo ndipo naliona kosa la kimaadili, na sio kwenye ujasiri wenyewe. Bahati yangu ni yangu. Nikiila, nimeila mwenyewe. Ninapokuuzia kama ujuzi, nimekuingiza kwenye siku yangu ya arobaini bila kukuambia ni siku ya ngapi. Ndivyo anavyofanya dereva anayekuapia breki zake hazijawahi kumwangusha. Hadanganyi. Hazijawahi.

Kwa hiyo jibu langu: kutodhurika ni ushahidi, ila ni mdogo sana, na ni wa aliyekuwepo tu. Anayetaka kuugawa ana deni la kusema amepiga ngapi, katika hali gani, na nini hakukijaribu. Wajazaji makini hubandika karatasi kwenye boksi: tarehe, aina ya baruti, kiasi, na bunduki gani hasa. Ni karatasi ndogo, lakini atakayefungua boksi hilo mwenyewe akiwa hayupo hana kingine cha kumlinda.