Watu Kama Miti

Mwezi mpevu ukichomoza nyuma ya kisiwa cha Chole, pale kijijini Utende hakosi mtu wa kusema ameona sungura ndani yake, na wa pili wa kumbishia kwamba ni mama aliyejitwika mzigo. Mabaka meusi wanayobishania ni lava iliyomwagika na kuganda, nyingi yake zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mwaka 1651, padri mmoja wa Italia, Giovanni Battista Riccioli, aliyapa majina ya bahari, na ndiyo maana tunaambiwa Neil Armstrong alitua kwenye Bahari ya Utulivu. Bahari bila tone la maji! Mvuvi wa kisiwa jirani cha Jibondo angecheka. Yeye akitazama mwezi anatafuta bamvua.

Wengine wameona humo uso wa mtu wanayemjua. Mwaka 1953 Wafaransa walimwondoa Sultani Mohammed V wa Moroko na kumpeleka uhamishoni. Raia wake wakapanda juu ya mapaa, wakasema wanauona uso wake mwezini. Siwaiti waongo. Walimtamani, na macho yao yakawapa walichokitamani.

Macho hayohayo ndiyo tunayotazamia watu. Jirani amepita bila salamu, basi ana kiburi. Kumbe usiku kucha aliuguza mtoto hospitalini Kilindoni. Kijana karudi kutoka Dar es Salaam na rasta kichwani, tumeshamaliza: bangi. Baka moja tu, sura nzima tumeichora.

Injili ya Marko, sura ya 8, inasimulia habari za kipofu wa Bethsaida. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamgusa, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Mtu yule akajibu kwamba anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Bila shaka aliwahi kuona zamani, maana alijua mti ulivyo. Sasa watu waliomfikia nusunusu akawavika umbo alilolikumbuka. Nampenda kwa kutoficha. Wengi wetu tungeshukuru tukaondoka, na tungeapa hadi kufa kwamba tulikutana na miti. Yeye alikiri haoni sawasawa, akawekewa mikono mara ya pili, ndipo akaona kila kitu wazi.

Kisha akatumwa nyumbani, na akakatazwa kuingia kijijini. Wafafanuzi wana sababu zao. Mimi nadhani kule kijijini bado walikuwa na picha yake ya zamani.