Nani Alipie Mtaro?

Mimi ni mwashi wa Arua, na swali linalonikosesha usingizi siku hizi si la saruji. Mtu akijenga ghorofa mahali palipokuwa na vibanda vya nyasi, ni haki atozwe ada ya mtaro, barabara na maji ambayo jengo lake litayalemea? Hapa Uganda tunalipia kupitishwa kwa ramani. Baraza la mji nalo haliwezi kujitungia kodi: Katiba ya 1995, kifungu cha 152, inataka kila kodi iwe na idhini ya sheria ya Bunge. Ila tangu Julai 2020, Arua ilipofanywa jiji na vijiji vya Ayivu vikaamka vimo mjini, mazungumzo ya kuzipitia upya ada hizi nayasikia hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa.

Kwangu mimi mlango wa kuingilia ni ile hadithi ya Mtume iliyokataza kudhuru na kudhuriana. Watu huisoma wakifikiria ngumi na matusi. Mimi nafikiria paa. Bati la jengo kubwa humwaga mvua yote mahali pamoja, na ua ukishamwagiwa zege, maji hayana pa kuzama. Yanateremka kwa jirani wa chini, yanakula msingi wake, yanajaza choo chake cha shimo. Mwenye jengo hakumgusa mtu, tena yuko ndani anakunywa chai. Amedhuru. Alipe, na hapo sina shaka.

Shaka inaanza kwetu tuliotangulia. Tulijenga bila mtaro hata mmoja, na Mto Enyau unaopungua kila kiangazi tumeuchota miaka yote. Sheria ya 2005 ya kodi ya majengo inamsamehe mwenye kuishi katika nyumba yake. Kwa hiyo mzee aliyetulia kwake halipi kitu, halafu mgeni aje alipie pengo tuliloliacha sote? Huo ni udhalimu uliovaa kanzu.

Katika mji wa Koboko maneno ni makali zaidi, maana mpaka uko karibu na waliokimbia vita vya Sudan Kusini wamepanga vyumba mji mzima. Utasikia: wao ndio waliojaza mji, walipe wao. Nani asemaye hivyo? Idi Amin alipoanguka 1979, na jeshi la serikali mpya lilipotuingilia mwaka uliofuata, ni sisi tuliovuka kwenda Zaire na Sudan. Mama yangu alichota maji Yei, na hakuna aliyemuuliza amechangia nini kisimani.

Hata hivyo ukarimu hauchimbi mtaro. Ndiyo maana nataka ada ifuate jengo: ukubwa wa paa, idadi ya vyoo, malori yatakayoingia na kutoka. Jengo halina kabila wala kitambulisho cha mkimbizi. Linalonisumbua ni kwamba mwenye nyumba atamsukumia mpangaji mzigo huo, na mwishowe ada ya ghorofa italipwa na mama muuza samaki mwenye chumba kimoja. Basi nyumba ndogo zisamehewe. Watozwe wenye vituo vya mafuta, maghala na hoteli.

Hajji mmoja, rafiki yangu, hupinga kwa kisima cha Ruma: Sayyidna Uthman alikinunua Madina, watu wakanywa bure. Kweli, walikunywa bure kwa sababu kuna mtu aliyelipa bei. Tena Uthman alitoa kwa hiari yake, na kisima kilionekana. Baraza linachukua kwa nguvu ya sheria, kwa hiyo linawajibika zaidi kukionyesha kisima. Pesa ziwe na akaunti yake, zitajwe ni za mtaro gani, na ikipita miaka mitano haujachimbwa, mlipaji arudishiwe zake.

Nasi wenye nyumba za zamani tutoe chochote kila mwaka. Nilipoyasema haya mbele ya wazee wa mtaa wa Oli, mmoja aliuliza kama nyumba yangu ya vyumba sita nayo imo. Imo.