Si Kila Asemaye ni Snichi

Kijana wa Keroka akionekana amesimama pembeni na askari, haichukui muda kabla hajabandikwa jina: snichi. Wenzake watasema amechoma, ameuza watu, na akifika kijiweni jioni hiyo mazungumzo yatakatika ghafla. Shuleni ni vivyo hivyo. Mwanafunzi anayemweleza mwalimu ni nani huruka ua usiku huitwa msaliti kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Wazee hutumia maneno ya zamani, mchongezi, mdaku, mfitini, lakini makali ni yale yale.

Katika Kisii na Nyamira nzima, sijawahi kusikia neno la mitaani la kumsifu mtu aliyesema. Jambo hilo linanisumbua sana.

Ni kweli kwamba chuki hii ina chimbuko. Aprili 1954, Waingereza walipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, washukiwa wa uasi walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Wakikuyu waliwaita gakunia. Gakunia akitikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini bila kujua ni nani aliyemtaja. Nchi iliyopitia hayo haiwezi kulaumiwa kwa kumwogopa mtoa habari.

Nasi Abagusii tuna majeraha yetu. Mei 2008, umati ulipita nyumba kwa nyumba katika eneo la Kisii ukawachoma moto watu 11, wanawake wanane na wanaume watatu, kwa madai kwamba ni wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai hayo hayo. Kiberiti hakiwashwi kabla ya jina kutajwa. Mtu hulinong'ona matangani, mwingine akalibeba hadi sokoni, na kufikia usiku nyanya wa watu amekwisha kuhukumiwa. Hata hivyo, sijasikia mnong'onaji wa aina hiyo akiitwa snichi. Jina hilo tumemwekea mtu mwingine kabisa: anayejaribu kumwokoa mtoto.

Tazama likizo ya Desemba. Msichana wa miaka tisa haonekani tena mtoni wala dukani. Kwao uji haukauki jikoni, kuku wamechinjwa, na mgeni mwenye mkoba aliingia usiku akatoka kabla ya mapambazuko. Mara nyingi mgeni huyo ni mhudumu wa afya, aliyesomea kazi ya kuponya. Majirani wanajua na kila mmoja anatazama chini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 84 kati ya kila 100 wa jamii yetu, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 21. Jambo la kiwango hicho halifanyiki kwa siri. Linafanyika kwa sababu tumekubaliana kunyamaza, na wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji, ya mwaka 2011, inasema wazi kwamba anayejua na asiripoti ametenda kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Sheria hiyo inaadhibu hata tusi. Ukimdhihaki mwanamke kwa sababu hakukeketwa, ukamwita egesagane (asiyekeketwa), unaweza kufungwa miezi isiyopungua sita. Bunge lilitambua kwamba dharau humsukuma mtoto kwenye wembe. Dharau inayomziba mdomo shangazi aliyetaka kumwokoa mtoto huyo haikutajwa. Hiyo tumeachiwa sisi wenyewe.

Tupime basi kila habari inayotolewa kwa maswali mawili: maneno yamepelekwa wapi, na yanamlinda nani? Gakunia alishindwa yote mawili, kwa maana kichwa chake kilipotikisika hakuna aliyeuliza ushahidi, na aliyelindwa ni mtawala. Anayenong'ona uchawi pia anashindwa, kwani neno lake huishia mikononi mwa umati na humwangukia ajuza asiye na mtetezi. Anayepiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, anapeleka habari mahali zitakapochunguzwa, na anayelindwa hana nguvu ya kujitetea. Jina lake linaweza kufichwa, lakini maneno yake yatapimwa mchana kweupe.

Wasemao kweli hulipa gharama kubwa. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa habari za kashfa ya Goldenberg, alikamatwa, akapoteza kazi, na akafa maskini mwaka 2006. Tukiwaacha watu wa namna hiyo wasimame peke yao, tusishangae wengine wakinyamaza.

Kwa hiyo nawasihi machifu na wazee wa Nyumba Kumi: mama akija kuripoti, jina lake lisifike kijiweni kabla hajafika nyumbani kwake. Nawasihi walimu na wahubiri wataje wazi, kabla shule hazijafungwa, kwamba kumwokoa mtoto si usaliti. Nanyi vijana wa stendi, mkisikia fulani amechoma, ulizeni kwanza ni nani aliyeponea hapo. Kama ni mtoto, aliyesema anastahili kulindwa nasi sote.