Goti Lisilokunjika



Darasa letu la Alkhamisi hapa Kitengela lilisimama kwa suali moja. Kijana wa bodaboda, aliyevunjika paja katika barabara ya Namanga akatiwa chuma, aliuliza: "Masheikh, mfupa umeunga na kidonda kimepoa, mbona goti halikunjiki? Nami nikinyosha mguu katika safu naambiwa sina adabu. Je, sala yangu yasihi?"

Tuanze na la sala, kwani ni jepesi. Imran bin Husayn alikuwa mgonjwa, akamwuliza Mtume (s.a.w.), akaamrishwa asali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale kwa ubavu. Basi mwenye goti gumu na anyoshe mguu au aketi kitini, na sala yake ni kamili. Anayemkemea ndiye apasaye kufundishwa.

La goti ndilo zito. Kutia chuma kirefu ndani ya uboho wa mfupa wa paja ni njia aliyoianzisha daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, mwaka 1939, nayo imewaepusha watu wengi na kulala kitandani miezi. Walakini ajali na kisu vyote hujeruhi nyama, na jeraha hupona kwa kovu. Kovu la juu twaliona. La ndani hatulioni. Mguu usipotikiswa, nyuzinyuzi za kovu huugandisha msuli wa paja na mfupa, huziba na nafasi ya goti, likawa kama bawaba iliyoshika kutu. Kuketi kitini kwataka goti likunjike kiasi cha digrii 90. Kikao cha tahiyatu hupita 120.

Nani basi aliyemwambia asitikise mguu? Ni sisi. Mimi mwenyewe nilikwenda kumzuru, nikamkuta analia kwa mazoezi aliyopewa, nikamwambia, "Tulia mwanangu, subiri." Nilidhani nanena dini! Akaacha mazoezi, akenda kwa mkandaji, akakandwa kwa nguvu hata paja likavimba. Na kukanda kwa namna hiyo huweza kuotesha mfupa ndani ya nyama.

Subira si hiyo. Arfaja bin As'ad alikatika pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahiliya, akajitilia pua ya fedha. Ikaoza na kunuka. Mtume hakumwambia avumilie harufu. Alimwamrisha atie ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume!

Madaktari huanza na mazoezi, tena mapema, mara chuma kinapoushika mfupa imara. Yasipofaa, huweza kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi wakalikunja goti wao wenyewe, na hili hufaa zaidi katika miezi 3 ya mwanzo. Ikishapita, huenda ikabidi makovu yakatwe kwa operesheni, kisha mazoezi yaanze upya. Lakini goti lenye moto pamoja na homa, au kidonda kitokacho usaha, hilo si la kovu. Huenda uchafu umefika kwenye chuma, na mtu asilale nalo hata usiku mmoja.

Kijana sasa huenda Kajiado mara mbili kwa wiki, kwa nauli ya sanduku la darasa. Juma hili goti limefika digrii 70. Ijumaa aliketi kitini mwisho wa safu. Kazini hajarudi, na pikipiki ingali na deni.