Kukatika Kazi si Kukatika Rizki

Amma baad. Enyi ndugu zangu, jueni ya kuwa kazi hukatika, walakini mlango wa rizki haufungwi na mja. Zingatieni khabari ya wapagazi wa Unyamwezi. Miaka mingi walichukua pembe na nguo mabegani, baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Reli itokayo Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, gari la moshi likawapokonya mizigo yao. Wako walioshika jembe kwao, na wako walioshuka mashamba ya mkonge ya pwani.

Basi aliyeachishwa kazi na ashike mambo matatu. Kwanza, asidharau kazi iliyo chini ya ile ya kwanza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfadhilisha mwenye kubeba kuni mgongoni akaziuza juu ya mwenye kuomba watu. Pili, asione uzito kuhama. Tatu, ahifadhi amana. Sifa ya mtu mwaminifu humtangulia aendako.

Nawe uliye na kazi, usimpite nduguyo barazani. Mtaje kwa tajiri wako. Huenda neno lako moja likawa ndiyo sababu ya rizki yake. Wallahu aalam.